Kompyuta ya Kukanyaga

Mume wangu alipougua, wageni walikuja kumpa pole yeye. Hakuna hata mmoja aliyenipa mimi, na mimi ndiye niliyebaki ndani ya nyumba moja na fundi suti asiyeweza kushona.

Mtaani wanamwita Milimita. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake baada ya kufumua bega zima la koti ambalo mteja alikuwa ameshalivaa, ameshajigeuza mbele ya kioo na kulisifu. Milimita aliona bega la kulia limezidi la kushoto kwa milimita moja, akamvua mteja koti pale pale. Ndivyo alivyo. Ulimi wake nao hupima kwanza, halafu hukata. Sasa kiharusi kikamjia asubuhi moja akiwa anapiga pasi suruali, na kilipoondoka kilimwachia akili nzima, mikono mizima, mdomo mzima, na mguu wa kushoto umelala. Nilimshukuru Mungu kwa yote, ingawa kwenye mdomo nilisita kidogo.

Daktari hakutuzungusha. Alisema mguu haujafa, umesahau tu kazi yake. Ukifanyishwa kazi kila siku utakumbuka. Ukiachwa kitandani miezi michache utasahau moja kwa moja, na hapo hata yeye hatakuwa na la kutusaidia. Nilitoka pale na jambo moja tu kichwani: mguu ule ufanye kazi, mwenyewe atake asitake.

Mwenyewe hakutaka. Tuliletewa mwalimu wa mazoezi, binti mpole mwenye subira ya ajabu, na mpira mdogo wa raba. Akamwomba ausukume kwa vidole vya mguu. Milimita aliutazama mpira, akamtazama binti, akamweleza kwa adabu zote kwamba mtu aliyewavisha mahakimu na maharusi hawezi kuonekana akicheza na mpira wa mtoto mchanga. Akasema waanze kesho. Kesho yake akasema kesho. Ikawa binti anakuja, anakunywa chai, anaondoka.

Siku nzima Milimita alilala chali na laptopu kuukuu juu ya tumbo, anatazama mpira. Kama hakuna mechi, alitazama mechi za zamani ambazo matokeo yake anayajua, na bado akawafokea marefa. Chooni alikwenda ameniegemea begani, akirudi anajitupa kitandani. Mwanaume huyu nilizoea kumwona amesimama, chaki sikioni, futi shingoni. Sasa nilikuwa namfunika mguu ule kwa shuka huku nimekasirika na nimeogopa, na hofu ndiyo iliyokuwa kubwa.

Ndipo laptopu ilipoanguka. Betri yake ilikuwa imevimba siku nyingi mpaka ikainua kibodi, bawaba moja ilishakatika, na siku hiyo iliteleza kutoka tumboni kwake, ikapiga sakafu na kuzimika. Milimita alishinda ameugeukia ukuta. Nilimwonea huruma, lakini nisidanganye, moyoni nilifurahi kidogo.

Niliichukua nikampelekea wifi. Wifi yangu ni mdogo wake Milimita, anatengeneza simu na kompyuta kwenye chumba chembamba mtaa huu huu. Mimi na yeye hatujawahi kusalimiana bila kutupiana maneno. Yeye husema nimemla kaka yake ujana wote. Mimi humjibu kwamba bado natafuna. Aliifungua ile laptopu, akaipuliza vumbi, akasema ndani ni nzima. Kilichokufa ni betri, ganda na nusu ya kibodi. Ganda jipya la kompyuta ya umri ule halipatikani, akasema, labda kaka yake alishone.

Halafu akanionyesha picha kwenye simu. Kumbe kuna watu wanaivua kompyuta ganda la plastiki na kuivisha mbao na shaba, mabomba, gia na geji, ionekane imetengenezwa enzi za treni za mvuke. Mtindo wenyewe wanauita stimpanki. Nilizitazama kwa makini kwa sababu vyuma ndiyo kazi yangu: natengeneza cherehani, na nyumba ya Milimita niliingia mara ya kwanza nimeitwa kutengeneza ya kwake. Zilipendeza sana. Lakini gia zile zilikuwa zimegandishwa kwa gundi tu, hazizungushi kitu. Nikamwambia wifi kwamba gia isiyozungusha kitu inanitia kichefuchefu.

"Wewe ungezifanya zizungushe nini?" akauliza.

Nilikuwa na meza ya cherehani ya kukanyaga imekaa stoo. Kichwa chake kilishakufa na mwenyewe hakurudi kuifuata, lakini miguu ya chuma, gurudumu kubwa na kikanyagio vilikuwa vizima. Nikaiona kompyuta imekaa juu ya meza ile. Nikauona na mguu. Kwenye cherehani, miguu yote miwili hukaa juu ya kikanyagio kimoja. Mmoja ukisukuma, mwingine hauna ujanja, lazima uende nao.

"Wifi," nikasema, "unaweza kuifanya iendeshwe kwa miguu badala ya umeme wa ukutani?"

Akanitazama. Alivua miwani, akaifuta kwa gauni lake, akaanza kutafuta mota kwenye boksi la printa mbovu.

Kazi tuliifanya kwenye karakana yangu, ambayo imepakana ukuta na chumba cha kulala. Milimita tulimwambia laptopu iko matengenezoni, na hiyo ilikuwa kweli. Wifi aliigeuza mota ya printa kuwa dainamo, mimi nikaifunga mkanda wa ngozi kutoka kwenye gurudumu kubwa la chini. Juu nikaacha gurudumu la mkono, kwa sababu hakuna fundi anayeanza kukanyaga bila kulivuta kwanza. Kifuniko cha mbao cha cherehani ndicho kikawa ganda. Nilikipiga msasa, nikakipaka vanishi mpaka kikang'aa. Kioo tukakitia kwenye fremu ya picha. Mabomba ya shaba tuliyatoa kwenye friji bovu, tukayasugua kwa ndimu na majivu, tukapitisha waya ndani yake. Geji ilitoka kwenye pampu ya upepo iliyotupwa. Wifi aliitoa matumbo akaipachika mita ya umeme, ili mshale ukipanda ujue kompyuta imeshiba, ukishuka kwenye nyekundu ujue inakaribia kuzimika. Gia nilizichomoa kwenye vichwa vya cherehani mbovu, na kila moja niliipa kazi: hizi zinakaza mkanda, zile zinazungusha feni ya kupoza. Moja tu ndiyo haina kazi. Wifi aliitaka pembeni ya kioo kwa ajili ya urembo, tukagombana, nikashindwa.

Kwa upande wa kibodi, niliiba. Milimita ana chupa ya vifungo vya shaba, vya makoti ya bendi na ya walinzi, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Wifi alileta kibodi nyingine kuukuu, nikavigandisha juu ya kila kitufe chake, naye akaandika herufi kwa rangi nyeusi. Nilipomaliza nikasimama nikaitazama kazi, nikahisi kuna kitu kimepungua. Miaka yote hii sijawahi kumkabidhi mteja mashine bila kuitia mafuta. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo, nikatia tone chini ya kila kifungo, kwa mapenzi yote. Wifi aliporudi na kubonyeza A, ikatoka A pamoja na ukoo wake mzima. Alishinda akiifuta kwa pamba na spiriti, akisema sasa anaelewa kwa nini kaka yake aliugua. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Siku ya majaribio nilikaa mimi kwenye kiti. Nikavuta gurudumu, nikakanyaga. Mkanda ukaenda, gia zikaenda, feni ikaenda, mshale wa geji ukalala pale pale. Wifi akakagua hiki na kile, hakuona kitu. Katika kusimama na kuanza tena, mguu uliniponyoka, gurudumu likarudi kinyumenyume, na mshale ukaruka. Kumbe wifi alikuwa ameunga waya za dainamo kwa kuzigeuza, umeme ukawa unapita kwa kwenda nyuma tu. Alisema hakuna neno, mbele au nyuma si mzunguko ni ule ule? Mimi fundi wa cherehani nilipaswa kukataa. Lakini kioo kilikuwa kimewaka, vifungo vya shaba vinameta, na mimi nilikuwa nakanyaga kinyumenyume huku nacheka peke yangu.

Nieleze kwa wasioshona. Gurudumu la cherehani likirudi nyuma, uzi hujisokota chini, sindano hukatika, na kitambaa cha watu huharibika. Ndilo kosa la kwanza ambalo mwanafunzi wa ushonaji hufokewa. Milimita hahitaji hata kuliona. Hulisikia, hata kama mashine iko kwa jirani.

"Nani huyo anakanyaga kinyumenyume ndani ya nyumba yangu?"

Ilitoka ng'ambo ya ukuta, na ilikuwa sauti yake ya zamani, ile ya fundi mkuu. Wifi aliniambia kwa macho nisiache. Nikaendelea, tena kwa kasi. Tukasikia kitanda kinalia. Tukasikia kiti kinaburuzwa, kisha kiganja kinapapasa ukuta, kisha kimya, kisha kiganja tena. Nilitaka kukimbia nimdake asianguke, wifi akanishika gauni. Milimita alitokea mlangoni na pajama, jasho linamtoka, ameshikilia fremu, na mguu wa kushoto anauburuza nyuma yake. Tangu augue hakuwa amekanyaga karakana.

Aliitazama ile kompyuta kwa muda mrefu. Alianzia juu kwenye mbao, akashuka na mabomba, akapita geji, akafika kwenye kibodi.

"Hivi ni vifungo vyangu," akasema.

Nikakiri. Akavitazama kwa karibu, akasema kifungo cha herufi M kimekaa upande. Kisha akamgeukia mdogo wake na kumwamuru azirudishe waya zile mahali pake sasa hivi, kabla hajasahau kwamba ni ndugu yake. Wifi akazigeuza. Milimita akataka kiti. Alikaa mgongo wima, akauweka mguu wa kulia juu ya kikanyagio, halafu akaunyanyua wa kushoto kwa mikono miwili, akaulaza taratibu pembeni ya mwenzake. Akalivuta gurudumu la mkono kuelekea kwake. Mashine ikaondoka kwa ule mwendo wake, mwendo niliolala nao na kuamka nao miaka yote ya ndoa yetu, na mshale ukapanda. Kioo kikamwakia usoni. Sikutaka aone ninavyolia, nikajifanya natafuta bisibisi.

"Haya," akasema, "mpira uko wapi humu?"

Kuanzia hapo hakulala tena mchana. Sheria ilikuwa nyepesi: usipokanyaga, hutazami. Wifi alikuwa ametia betri ndogo ya kushikilia umeme kwa muda mfupi tu, mtu aweze kunywa maji au kujikuna. Milimita alilalamika kwamba hajawahi kuona kompyuta yenye ulafi hivi, akadai itafutwe betri kubwa. Wifi akamwapia kwamba haipatikani popote. Haikupatikana kwa sababu hakuna aliyeitafuta. Majirani walikuja kuitazama, naye akawaonyesha kila gia na kazi yake. Ile moja isiyo na kazi akawaambia ni mdogo wake. Mwalimu wa mazoezi alipoiona alicheka mpaka akafunika uso kwa mikono. Akarekebisha urefu wa kiti, akaninong'oneza nisithubutu kumwambia mgonjwa kwamba hayo ni mazoezi.

Lakini alinivuta pembeni akanieleza na jambo lingine. Mguu wa kulia ndio unaosukuma, akasema. Wa kushoto umepewa lifti. Lifti nayo inasaidia, inauamsha, ila mgonjwa hatatembea mpaka siku mguu huo utakaposukuma wenyewe. Kwa hiyo kila siku nilipita na kisingizio cha kufagia, nikainama, nikachungulia chini ya meza. Wa kulia unasukuma. Wa kushoto umelala juu ya chuma, unapelekwa. Nikainuka, nikaendelea kufagia. Wiki zikapita hivyo. Nyumba ilikuwa na kelele na vicheko tena, Milimita anafoka, wifi anamjibu, na mimi nilikuwa na furaha ya kweli. Ila kila nilipoinuka kutoka chini ya meza nilifagia tena pale pale nilipokwisha kufagia.

Ikaja fainali. Ilikuwa alasiri, mtaa mzima umejikusanya kwenye redio na televisheni, barabara tupu. Kompyuta tulishaihamishia sebuleni. Mimi nilikuwa karakana nafungua kichwa cha cherehani ya mteja, mlango nimeuacha wazi. Masikio yangu hufanya kazi hata nisipoyatuma, na ghafla yaliniambia mwendo wa mashine umebadilika. Ulikuwa mwepesi, unachechemea, unagonga upande mmoja. Nikasikiliza. Mkanda umelegea, nikajiambia, au pini ya kikanyagio imeanza kutoka. Nikaona balaa linakuja: mashine ife katikati ya fainali, na mwenye kulaumiwa niwe mimi mpaka kaburini. Nikachukua bisibisi na kopo la mafuta, nikaenda mbio.

Milimita hata hakuniona. Mechi ilikuwa inaelekea ukingoni, timu yake imepewa penalti, na refa alikuwa anazozana na wachezaji. Nikapiga magoti, nikaingia chini ya meza. Nikashika mkanda, umekaza. Nikajaribu pini, imekaza. Nikasogeza kichwa nikione kikanyagio vizuri.

Mguu wa kulia haukuwepo. Ulikuwa nje, sakafuni, juu ya kandambili, vidole vimejikunja kwa wasiwasi wa penalti. Juu ya kikanyagio ulikuwa umebaki wa kushoto peke yake. Kisigino, vidole, kisigino, vidole. Ulikuwa unasukuma.

Nilibaki pale chini na bisibisi yangu. Nilikuja kutengeneza mashine, na mashine haikuwa na kasoro yoyote.

"Unatafuta nini huko chini?" akauliza bila kushusha macho. "Kama kuna kitu kimelegea, usikiguse mpaka apige."

"Hakuna kilicholegea."

"Basi toka, unanisumbua."

"Milimita," nikasema. "Tazama mguu wako."

Alinitazama mimi kwanza, akaona machozi, akashtuka. Kisha akatazama chini. Mguu ukasimama pale pale, utadhani umefumaniwa. Tulibaki tunautazama wote wawili, na hakuna aliyekumbuka geji. Mshale ukashuka kwenye nyekundu, na kioo kikazimika mpigaji akiwa ndiyo kwanza anarudi nyuma kuchukua mbio. Muda si muda mtaa mzima ukapiga ukelele. Ulikuwa wa goli au wa kukosa goli, hatukuweza kujua.

Nilisubiri afoke. Hakufoka. Aliuvuta mguu wa kulia akauficha nyuma kabisa, chini ya kiti, asije mtu akasema umesaidia.

"Usiniguse," akasema kwa sauti ndogo. "Na gurudumu usiliguse."

Akaukaza wa kushoto. Kikanyagio kikatetemeka, kikashuka nusu, kikarudi. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Akajaribu tena, kikashuka zaidi, kikarudi tena. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili ili nisimsaidie, na sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile. Akavuta pumzi, akaegemea mbele. Kisigino kikazama, vidole vikafuata, gurudumu kubwa likageuka, mkanda ukalivuta lile dogo, na mashine ikaondoka.

Wifi akaingia mbio kutoka barabarani, anahema, mdomo ameshaufungua kutuambia matokeo. Kaka yake akainua kiganja.

"Nyamaza," akasema. "Nipo kazini."

Wifi akafuata macho yetu mpaka chini ya meza. Akakaa sakafuni pembeni yangu, akanishika mkono. Juu yetu mshale ulikuwa umepanda, kioo kikawaka tena na kuanza kuutafuta mpira polepole kama kawaida yake, na hakuna kati yetu aliyekiangalia. Tulikuwa tunatazama mguu.